Oxford siku ya mahafali: Covered Market au Cowley Road?

Binti_Tanga
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu anahitimu Oxford na mama anakuja kutoka Tanga kushuhudia. Mama hali nyama isiyo halali, magoti yanamsumbua, na chakula kisicho na viungo hakimpandi kabisa. Sherehe ni pale Sheldonian Theatre. Kila ninayemuuliza tule wapi ananitajia ama soko la Covered Market ama mtaa wa Cowley Road. Anayezijua zote mbili anisaidie, nataka mama afurahi siku hiyo.

Mkaazi_Headington
Hongereni sana dada! Mimi nasema Cowley Road bila kusita. Mkivuka daraja la Magdalen na kile kipilefti cha The Plain, mji unabadilika: Wahindi, Wabangladeshi, Walebanoni, Wajamaika, wote barabara moja. Msikiti mkuu upo Manzil Way, hapo hapo pembeni, na halali si jambo la kutafuta kwa tochi, ingawa kila mgahawa uliza kwanza. Pilipili ipo na biriani ipo. Bei nayo inavumilika kuliko katikati ya mji.

Mpishi_wa_Lamu
Cowley Road naipenda, lakini magoti ya mama je? Kutoka Sheldonian hadi The Plain ni kama kilomita moja. Covered Market ni karibu zaidi na lina paa, mvua ikinyesha hamlowi. Soko hilo lilifunguliwa 1774 ili wauza nyama na wachuuzi waondoke barabarani, na bucha zipo mpaka leo. Unapita kwenye kijia chembamba, mkono huu nyama imening'inia, mkono ule jibini, mara harufu ya biskuti za Ben's Cookies zikitoka jikoni inakuvuta. Ila mama asiguse soseji za Oxford: kwa asili ni nguruwe na ndama, zikatiwa limau na majani ya seji.

Kijana_wa_Moro
Shikamoo wakubwa. Mimi nasoma hapa. Soko ni zuri kwa kutembea na kuonja, lakini meza ni chache. Familia ya watu sita siku ya mahafali mtatawanyika, huyu kule, yule huku. Uwanja wa Gloucester Green hivyo hivyo: siku za soko kuna vibanda vya vyakula vya nchi nyingi, vitamu kweli, lakini wengi tunakula tumesimama. Mama mzazi kasafiri kutoka Tanga, akae kwenye kiti, ahudumiwe. Wekeni nafasi Cowley Road mapema, maana siku hiyo kila familia inatafuta meza.

Kabla ya sherehe mpelekeni chai Queen's Lane Coffee House, ipo High Street, na wenyewe wanasema ilianza 1654. Baa ya Turf Tavern watu wataisifia, nayo inapendeza, imejificha kichochoroni chini ya ukuta wa zamani wa mji. Lakini ni nyembamba na ni mahali pa pombe. Kwa mama, hapana.

Binti_Tanga
Marahaba mdogo wangu, na asanteni wote. Basi mlo mkubwa Cowley Road, soko tutaenda kesho yake kwa ajili ya biskuti za watoto. Swali la mwisho: tukitoka Sheldonian tunapandia gari wapi?

Mkaazi_Headington
High Street. Mabasi ya Cowley Road yanapita pale mara kwa mara, na teksi pia. Lakini kufika High Street mtapita Radcliffe Square, na pale chini kuna mawe ya zamani yaliyopangwa, hayako sawa, na yakilowa yanateleza. Mama avae viatu vya chini vyenye soli ya mpira, na mmoja wenu amshike mkono.