Tupeane uzoefu: walimu wa kilimo Malindi na Lamu, mnafundishaje kwa vitendo?

Salaam wanajamvi. Mie nafundisha kilimo sekondari upande wa Magarini na kuna jambo laniuma kweli. Kitabu kimejaa kahawa, chai na ng'ombe wa maziwa wa bara, mtoto wa hapa anakariri na alama anapata, lakini muulize mnazi wa kwao mbona hauzai, anakutazama tu. Halafu akifika fomu foo projekti ya KNEC, baraza la mitihani, hiyoo, ndo unajua nani amewahi kushika jembe. Naona sisi huku tuanze na minazi, mbuzi na punda walio mlangoni petu, kitabu kifuate. Mliofundisha au kufundishwa hivyo leteni uzoefu.

Naanza mimi. Somo la kujua umri wa mnyama kwa meno nalitoa nje, naomba mbuzi kwa jirani wa shule, mmoja anashika pembe mwingine anafungua mdomo, na kila mwaka hakosi wa kuruka aseme mwalimu huyu mgonjwa, juu hana meno! Basi darasa zima laja kuchungulia, hapo nawaambia mbuzi, kondoo, ng'ombe, wote mbele juu hawana, pana ufizi mgumu tu wa kubania majani. Kisha tunahesabu ya chini, yapo 8, yale mawili ya katikati yakishakuwa makubwa mapana kuliko wenzake ujue amepita mwaka, yakiwa 4 anakaribia miaka miwili. Kesho yake wanakuja wamekagua zizi zima la nyumbani. Babu mmoja alimtuma mjukuu aniulize nani kawafundisha watoto siri za madalali wa mnadani.

Bi Mwalimu, Lamu
Sie kisiwani nasomesha na punda. Punda ana meno juu na chini, hacheui, na tumbo lake ni moja, kwa hiyo ukimweka na mbuzi ubavu kwa ubavu ile mada ya usagaji wa chakula watoto wanaimaliza wenyewe. Pia nawapeleka kliniki ya punda, ipo hapa tangu 1987, wanaona vidonda vya mgongo vinavyotokana na matandiko mabaya na mizigo ya mchanga na mawe. Kuna kijana baba yake ana punda wa kubeba mizigo, aliporudi alimshonea matandiko mapya kwa magunia na sufi. Mimi hilo nalihesabu kuliko mtihani.

Kijana wa Ganda
Mimi nilikuwa mwanafunzi. Ticha wetu alitupandisha mnazini! Kuti likifunguka limekatwa umbo la V kama kwa mkasi ujue yule mdudu mweusi mwenye pembe amepita, alitoboa likiwa bado changa limejikunja. Tulikuwa na waya wenye ndoano tunamchomoa shimoni. Lakini funzo lenyewe lilikuwa chini, akatupeleka kwenye gogo la mnazi lililooza, tukapasua, mabuu meupe manono kama kidole yamejaa tele, akasema mnamtafuta juu na nyinyi mnamfuga hapa. Wiki hiyo nilimsumbua mzee wangu mpaka magogo yote ya shamba yakachomwa, na lile rundo la samadi tukalipindua na kulisambaza.

Mama Kuku, Kakuyuni
Kwangu ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Nafundisha chanjo ya tone moja jichoni, kila miezi 3 au 4, na wanafunzi ndo wanaochanja kuku wa kijiji siku ya Jumamosi. Barafu ya kuhifadhi chanjo tunapata kwa wauza samaki Malindi. Kazi kubwa ni akina nyanya, wanangoja kuku ashapinda shingo ndo waite, na chanjo si dawa, aliyeugua haimponyi. Sasa naona mjukuu ndo anamwelewesha nyanya yake, mimi nimenyamaza pembeni.

Wa Ngomeni
Huku maji ya kisima chumvi tupu. Tulipanda vitalu viwili maji yale yale, maharagwe yakaungua kingo za majani yakafa, spinachi ikaendelea. Chumvi kwenye udongo hakuna tena wa kuuliza ni nini.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana wenzangu, hii ya Ngomeni naiiba muhula ujao. Mama Kuku, wakumbushe wanafunzi ile chanjo ikishachanganywa isilale, itumike siku hiyo hiyo na isikae juani, wengine wanaiweka mfukoni wakizunguka. Sasa nasubiri mtu wa Hindi au Witu, nyie mko karibu na msitu, mnafundishaje habari ya mbung'o na ugonjwa wa nagana anaowaletea mifugo? Wangu wanaona picha tu kitabuni. Na kama kuna mwenye vijiti vya mhogo aina ya Tajirika karibu na Marafa aniambie, nataka wanafunzi wangu waupande kando ya ule mhogo wa Kibandameno waone wenyewe tofauti.