Yule mshereheshaji wa wiki ya sanaa ameniingilia katikati ya wimbo, na ninyi nyote mnamjua

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado na vazi la jukwaani, viatu sijavua, na vidole vinatetemeka kiasi kwamba herufi zikipishana mnisamehe. Jina lake sitalitaja kwa sababu halihitaji kutajwa. Kila aliyehudhuria walau siku moja kati ya zile saba anamjua yule bwana wa koti linalometameta kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, ambaye kipaza sauti kikishaingia mkononi mwake hakitoki mpaka wazee wakae kikao.

Siku za mwanzo nilinyamaza. Siku ya ufunguzi wa maonyesho ya picha alizungumza muda mrefu hata rangi ambazo zilikuwa mbichi zikakauka, nami nikanyamaza. Kwenye warsha ya ngoma ya watoto alichukua vijiti kutoka kwa mtoto wa miaka sita ili aoneshe inavyofanywa, akapiga nje ya mapigo, mtoto akamsahihisha, nami nikanyamaza kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kusema yote. Lakini usiku wa bendi, wakuu, alinifikia mimi.

Tuliahidiwa nusu saa. Ikawa robo saa, kwa kuwa robo nyingine aliitumia yeye kututambulisha, na katika utambulisho huo alitusifu kwa nyimbo za bendi nyingine. Tukasema basi, tuimbe tatu. Wimbo wa tatu, waliokuwepo watakumbuka, ni wa polepole. Gitaa moja, besi, ngoma inayoguswa kwa brashi tu, na mimi nimeketi kwenye kiti kama wimbo unavyotaka. Karibu na mwisho wake kuna mahali ambapo vyombo vyote vinanyamaza kwa mapigo manne kabla sijatoa mstari wa mwisho. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, hizo ni sekunde nne kamili. Kimya hicho si bahati mbaya, wala si kwamba tumesahau kinachofuata. Tumekifanyia mazoezi miezi mitatu. Kuna siku tulikutana jioni nzima kufanyia mazoezi kimya peke yake, hadi majirani wakaja kuuliza kama kuna msiba.

Basi tukafika pale. Vyombo vikazima kama taa. Watu wote kimya. Hata yule mama mwenye mtoto anayelia kila tamasha, mtoto naye alikuwa amenyamaza na kunitazama. Nikahesabu moja. Nikahesabu mbili. Pumzi imejaa kifuani, kidevu kimeinuka, mstari wa mwisho uko kwenye ncha ya ulimi. Badala ya tatu, nikasikia spika zote za uwanja zikitamka kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba:

"Mwenye gari, liondoe, lango letu limezibwa."

Naomba mnielewe. Hakusubiri wimbo uishe, na hakuna mtu aliyekuwa anakufa langoni. Aliona kimya kimekaa bila mwenyewe, kama mtu anavyoona kiti kitupu kwenye basi, akakikalia. Kimya kilikuwa chetu! Nilikuwa nimebakiza mapigo mawili! Pumzi ile niliyoivuta, wakuu, hadi sasa sijui ilitokea wapi, kwa maana sikuitumia kwa kuimba. Na kama kwamba hilo halikutosha, alinigeukia, akanipungia mkono, akasema, "Endeleeni, vijana." Mimi nina wajukuu wawili.

Tukajaribu kuendelea. Mpiga ngoma wetu alikuwa ametoka ghafla kwa dharura ambayo haihusiani na mada hii, kwa hiyo mstari wa mwisho niliuimba bila mapigo, mbele ya watu waliokuwa wamegeuza shingo zote kutazama langoni. "Mwenye gari, liondoe." Nikifumba macho naisikia. Nimenawa uso mara mbili, bado naisikia.

Sina hoja ndefu. Nauliza tu kama kuna mtu mwingine ambaye wiki hii amefanyiwa na bwana huyu jambo linalokaribia hili, ingawa naamini hayupo.

Kigoda cha Nyuma: Pole sana, mkuu. Mimi nilikuwa nimesimama kama mita mia moja kutoka jukwaani, na kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, tangazo hilo lilinifikia karibu theluthi ya sekunde baada ya kuwafikia wa mbele. Hivyo kwa theluthi ya sekunde mimi nilikuwa miongoni mwa watu wa mwisho duniani waliokuwa bado wanaufurahia wimbo wako.

Msomaji Kimya: Swali dogo kwa mleta uzi, kwa heshima zote. Hiyo dharura iliyomtoa mpiga ngoma ni ipi? Nauliza kwa sababu nilikuwa langoni, na mtu aliyekuja akikimbia kuliondoa lile gari dogo jeupe alikuwa na brashi mbili za ngoma mfukoni.

Mleta uzi: Umiliki wa gari hauhusiani na mada. Ngoma kubwa, ngoma ndogo tatu, matoazi na vyuma vyake havibebwi kichwani, na ilibidi gari lisogee karibu. Isitoshe, gari ndilo lililoegeshwa langoni, si wimbo. Angeweza kusubiri mapigo mawili.

Kigoda cha Nyuma: Kumbe mmejizibia lango wenyewe, mkajitangazia wenyewe, na mkajiondokea wenyewe. Nimecheka mpaka nimeegemea ukuta.

Fundi Waya: Mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ya kuchanganyia sauti kwa siku zote saba, na ninaomba nisemwe kwa haki. Nyuma ya lango lile ndiko yalikokuwa mafuta ya jenereta, na jenereta ilikuwa inakaribia kukauka. Gari lisingeondoka, mleta uzi angepata kimya kirefu kuliko kile alichokifanyia mazoezi, tena chenye giza. Ama kuhusu sauti ya bendi kushuka pale bwana yule alipozungumza, ni yeye aliyeniagiza niweke mitambo hivyo: akifungua kinywa, njia nyingine zote zinashuka zenyewe. Nilimweleza kwamba mpangilio huo unafaa kwenye matangazo ya uwanja wa mpira. Akaniambia niuache. Nikauacha. Mimi nina kosa gani? Wala hamjaulizia ule mluzi wa kutoboa masikio uliosikika kila siku. Bwana yule hupenda kushuka na kutembea mbele ya spika. Kipaza sauti kinasikia sauti yake ikitoka kwenye spika, kinairudisha kwenye mitambo, mitambo inaikuza, spika inaitoa tena, na mzunguko huo unajilisha hadi unapiga kelele. Nilimchorea mstari wa chaki ardhini asiuvuke. Aliutumia kama mahali pa kusimamia.

Besi Nene: Mimi nimo kwenye bendi hiyo hiyo, na ninamwunga mkono kiongozi wetu, ila kuna jambo zito kuliko tangazo ambalo halizungumzi. Wiki nzima spika zilikuwa zinanguruma kwa umeme wa hezi 50. Noti ya G ya chini kwenye besi yangu ni hezi 49. Maana yake kila nilipoigusa, noti yangu na mngurumo vilisuguana kama majirani wenye kesi ya mpaka, na kila mtu alinitazama mimi kana kwamba nimeshindwa kukaza nyuzi. Kwa hiyo kile kimya chetu kitukufu, mkuu, hakikuwa kimya kamwe. Kilikuwa G iliyozidi kidogo.

Fundi Waya: Mngurumo ule ulitoka kwenye waya wako, Besi Nene, ule uliofungwa kwa utepe mweusi. Nilikupa mwingine, ukasema huo wa utepe una bahati.

Mchoraji Mwenye Hasira: Samahanini, nyote mnalilia sekunde. Picha yangu ilitundikwa kichwa chini tangu ufunguzi, ikakaa hivyo siku tatu, na bwana huyo huyo akaleta wageni mbele yake na kuwaeleza kwamba msanii ameonesha mvua inayopanda mbinguni. Ilikuwa ni moshi wa jiko! Niliposema, nikaambiwa nijifariji, kwa kuwa mwaka 1961 jumba la Museum of Modern Art kule New York lilitundika kazi ya Henri Matisse kichwa chini kwa siku 47. Matisse alikuwa amekwisha kufariki miaka saba kabla. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimeshika glasi ya maji.

Kigoda cha Nyuma: Dada, mvua inayopanda ilikuwa nzuri sana. Nilipokuja siku ya nne nikakuta moshi, nilisikitika.

Malenga Asiyelipwa: Nimeusoma uzi huu mara tatu, na nashangaa hakuna aliyeliona jambo lililo wazi. Hesabuni mizani. Mwe-nye-ga-ri-li-o-ndo-e, ni nane. La-ngo-le-tu-li-me-zi-bwa, ni nane. Bwana yule, bila kujua, alitoa mshororo kamili wa mizani kumi na sita, wenye kina cha kati na kina cha mwisho, jambo ambalo wasomaji watano kati ya sita kwenye usiku wa mashairi walishindwa kulifanya wakiwa na karatasi mkononi. Mimi mwenyewe nilikatizwa kwenye ubeti wa nne ili itangazwe kwamba kuna funguo zimeokotwa, na nililalamika kwa nathari, kimya kimya, kama mtu mzima.

Msomaji Kimya: Basi tuumalizie ubeti. Naongeza wa pili: "Tafadhali, tuokoe, mafuta yasije ibwa."

Kigoda cha Nyuma: "Mpiga ngoma apoe, wimbo wetu unaimbwa."

Malenga Asiyelipwa: Mizani imetimia, lakini kina hakikubaliki. Kina cha mwisho ni "bwa", nawe umeleta "mbwa". Hizo ni silabi mbili tofauti, na mwenye sikio hawezi kuzipokea katika ubeti mmoja.

Kigoda cha Nyuma: Mzee wangu, tofauti ya "bwa" na "mbwa" kwenye uwanja ule wenye mngurumo wa G nani angeisikia?

Malenga Asiyelipwa: Ningeisikia mimi. Na ndiyo sababu usiku wa mashairi ulikuwa na watu kumi na mmoja. Kila mtu siku hizi anaokota sauti yoyote akaiita kina. Ubeti uwe hivi, na asiuguse mtu:

Mwenye gari, liondoe, lango letu limezibwa,
Tafadhali, tuokoe, mafuta yasije ibwa,
Mpiga ngoma apoe, viti navyo vimebebwa,
Nani aje atutoe, wimbo wetu umekabwa.

Mleta uzi: Nashukuru kwa ubeti, ingawa sikuja hapa kutungiwa. Naomba turudi kwenye mapigo mawili niliyobakiza.

Mchoraji Mwenye Hasira: Malenga, hapo kwenye viti umemaanisha nini?

Malenga Asiyelipwa: Nimemaanisha nilichosema. Hema la mashairi lilipewa viti arobaini vya buluu. Tulipofika jioni vilikuwepo kumi na tano, na hao watu kumi na mmoja niliowataja walitosha kukaa kwa sababu tu walikuwa kumi na mmoja. Wangekuja hamsini tungefedheheka.

Fundi Waya: Viwili nilichukua mimi, kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea mitambo isipate umande. Hivyo nakiri. Vingine nilimwona bwana wa koti akivipanga safu ya mbele kwa ajili ya wageni waalikwa.

Msomaji Kimya: Ambao hawakuja. Safu ile ilikaa tupu wiki nzima, ikiwa na karatasi zilizoandikwa "Imehifadhiwa", na upepo ukizichukua yeye alizirudisha moja moja.

Mchoraji Mwenye Hasira: Safu hiyo nilihesabu viti ishirini, jioni mbili mfululizo. Ishirini, viwili vya Fundi, na kumi na tano vilivyobaki hemani, ni thelathini na saba. Bado vitatu.

Besi Nene: Kimoja kilivunjika chini ya mtu ambaye sitamtaja, kwa kuwa ninaandika nikiwa bado nauguza kiuno.

Malenga Asiyelipwa: Basi viwili. Nitakaa kwenye uzi huu mpaka vipatikane.

Mleta uzi: Wakuu, nawasihi, tuheshimu mada. Mtu ameingiliwa katikati ya wimbo wake, pumzi ikiwa kifuani, na sasa imekuwa hesabu ya viti?

Fundi Waya: Mkuu, ule wimbo uliimba umekaa. Nimeangalia tena picha za usiku ule. Kiti ni cha buluu, na mgongoni kina namba 26 kwa wino mweupe. Malenga, vya kwenu vilikuwa na namba?

Malenga Asiyelipwa: Kuanzia moja hadi arobaini, niliziandika kwa mkono wangu.