Cuba, Dominika au Nicaragua: sigaa gani ya kuvuta na rafiki wa zamani?

Mzee wa Upanga
Habari za jioni wakuu. Rafiki yangu niliyesoma naye Tabora Boys anakuja likizo kutoka Muscat mwezi wa kumi na mbili. Tukikutana huwa tunawasha sigaa (zile nene zilizosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, si sigara za kawaida) moja moja barazani na kupiga soga mpaka usiku mwingi. Safari hii tumekubaliana tulinganishe. Yeye atanunua, kuchagua kaniachia mimi.

Nimebaki na tatu: Partagás Serie D No. 4 ya Cuba, Arturo Fuente Don Carlos Robusto ya Jamhuri ya Dominika, na Padrón 1964 Anniversary Exclusivo ya Nicaragua. Zote zina kipimo cha 50, yaani unene wa karibu milimita 20. Nimefanya hivyo makusudi, maana nyembamba huwaka kwa joto kali zaidi, na mwisho wa siku hujui umelinganisha tumbaku au umbo. Ipi ianze, ipi imalize? Na tuvute zote usiku mmoja?

Kaka wa Njiro
Mkuu, umechagua vizuri. Anza na Don Carlos. Jani lake la nje ni la Cameroon, jembamba, lina utamu na viungo kwa mbali, halikupigi kichwa. Ifuate Partagás: hiyo ina ladha ya udongo, pilipili manga na ngozi, na ukifika nusu inakuwa nzito kweli. Padrón iwe ya mwisho. Imebanwa mpaka ikawa na pembe nne, tumbaku yake yote ni ya Nicaragua na imehifadhiwa miaka 4 kabla ya kusokotwa. Kakao na kahawa nyeusi tupu. Kwangu mimi ndiyo bora kati ya hizo tatu, na nasema hivyo nikiipenda sana Cuba: Partagás moja inavutika vizuri, nyingine ya boksi lilelile imebana hadi mashavu yanauma. Padrón haijawahi kunifanyia hivyo.

Ila usiku mmoja hapana. Kila moja inataka saa nzima. Ya tatu ulimi umeshakufa, utaihukumu bure.

Binti Kisauni
Kaka wa Njiro, kwa heshima, napingana nawe. Ukivuta leo moja na kesho nyingine unalinganisha kumbukumbu. Wawashe mbili kwa pamoja, mzee moja na mwenzake nyingine, wabadilishane kila theluthi. Tofauti ya Partagás na Padrón utaisikia hapohapo.

Mzee, nauza sigaa hotelini hapa Mombasa, niongeze mawili. Mwambie mwenzako akimwona mtu anatembeza boksi la Cohiba, sigaa maarufu ya Cuba, lenye kifuniko cha kioo, aondoke. Ni bandia. La pili ni pwani yetu. Unyevu wetu unazidi ile asilimia 65 hadi 70 ambayo sigaa inaitaka, kwa hiyo ukiziacha kabatini zinaota ukungu. Na joto likipita nyuzi 25 mayai ya yule mdudu wa tumbaku yanaanguliwa. Utaona vitundu vidogo vya duara kwenye jani, kama vya sindano, na unga chini ya boksi. Weka kwenye chombo cha plastiki kinachofunga kabisa, na pakiti ya kudhibiti unyevu ya 65 ndani, chumba chenye kiyoyozi. Wewe wa Njiro, huko Arusha, shida yako ni ukavu, sisi ni maji.

Mgosi
Samahanini kwa kuingilia. Tabora inalima tumbaku tele, kwa nini hatuna sigaa yetu?

Mtoto wa Urambo
Mgosi, swali zuri. Nimekulia kwenye mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku. Tumbaku yetu kubwa ni ya mvuke: jani linaingia banini, moto wa kuni unachochewa karibu wiki nzima, linatoka la njano likiwa na sukari yake. Hilo ni jani la sigara ya kawaida. Jani la sigaa hukaushwa kwa hewa, taratibu, kwa wiki kadhaa, halafu hurundikwa malundo makubwa yapate moto yenyewe. Lundo likichemka linafumuliwa na kupangwa upya, la ndani linakwenda nje, mpaka ile harufu ya amonia iishe. Ndiyo maana ladha ni nyingine kabisa. Kulima tunajua. Tunachokosa ni mbegu ya aina ile, ghala za kuchachushia na wasokotaji.

Nesi Mstaafu
Shikamoo mzee. Moshi wa sigaa haumezwi, lakini nikotini inaingia kupitia ngozi ya mdomo, na saratani ya kinywa na koo inawapata hata wasiomeza. Msivute na tumbo tupu. Kizunguzungu kikianza, weka chini, kunywa kitu chenye sukari.

Mzee wa Upanga
Marahaba mwanangu, nimekusikia. Sisi ni mara moja moja tu tukionana, na nitahakikisha pilau imetangulia.

Nimeamua: Don Carlos jioni ya kwanza, kila mtu na yake, tuzoeze ulimi. Jioni nyingine ni Partagás na Padrón kwa kubadilishana kama alivyosema Binti Kisauni. Kinywaji kitakuwa kahawa chungu, whisky inafunika kila kitu. Mtoto wa Urambo, maelezo yako ya malundo nitamsomea jamaa. Shuleni tulikuwa tukipita karibu na tumbaku kila siku na hakuna aliyetueleza.

Kaka wa Njiro
Sawa mzee. Kateni ncha kidogo tu, milimita 2, msipite pale kofia, yaani kipande cha jani kinachofunika ncha, inapoishia, jani litafumuka. Washeni kwa kibiriti cha gesi, moto usiguse jani. Pumzi moja kwa dakika inatosha. Na utuletee majibu.

Binti Kisauni
Na useme ipi aliipenda yeye, si wewe tu.