Prado ya 1997, injini ya 1KZ-TE: tabo ya pili inatoa moshi wa bluu ndani ya miezi minane, naombeni ushauri

Mkazi wa Iringa (mleta uzi):
Wakuu, habari za wakati huu. Ninatumia Toyota Prado ya mwaka 1997 yenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, lita 3.0, gia otomatiki. Mwaka jana tabo yake (turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) ilianza kupiga mluzi kama king'ora, kisha gari likaishiwa nguvu, na fundi wangu akanishauri nitafute nyingine. Nilinunua iliyotumika kule Gerezani, Dar es Salaam, ikafungwa, na kwa miezi kadhaa nikasahau kabisa habari ya tabo.

Wiki iliyopita, nikiwa narudi nyumbani, nilipoanza kupanda mlima wa Kitonga niliona kwenye kioo moshi wa bluu mzito kiasi kwamba lori lililokuwa nyuma yangu lilibaki mbali na kuwasha taa mchana kweupe. Nilipofika Ilula nikasubiri injini ipoe kidogo, nikapima oili, nikakuta imeshuka chini ya alama ya mwisho ilhali nilikuwa nimeijaza siku mbili kabla. Tangu hapo, kila asubuhi gari likikaa kwenye silensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) dakika tano hivi kisha nikakanyaga mafuta, hutoka wingu zima, halafu moshi hupungua ninapoendelea na safari. Fundi amefungua hozi ya hewa, akaona oili ndani yake, akasema tabo imekufa tena na kwamba nitafute ya tatu. Je, tabo mbili zinaweza kufa kwa kufuatana hivi, au kuna jambo tunalikosea?

Spana Kumi na Saba:
Pole sana mkuu. Kabla hatujaihukumu tabo, tafadhali tujibu maswali matatu. Kwanza, je, maji ya rejeta yanapungua? Injini za 1KZ zinajulikana kwa kupasuka silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), na moshi wa maji, ambao ni mweupe na hukawia kupotea hewani, watu wengi huuita wa bluu kwa haraka. Pili, nguvu imepungua au iko vilevile? Hozi ya hewa ikipasuka, moshi huwa mweusi na gari huwa zito, lakini oili haiendi popote. Tatu, je, ule mluzi umerudi?

Dereva Mstaafu:
Mimi ningeing'oa tabo, nikaziba matundu, nikaendesha hivyo hivyo. Zamani tulikuwa na magari yasiyo na tabo na yalifika Tunduma.

Spana Kumi na Saba:
Mzee wangu, shikamoo, lakini injini hii pampu yake imepangwa kumwaga dizeli kwa kutegemea hewa ya tabo. Ukiiondoa utapata moshi mweusi, joto kali na gari lisilopanda hata kilima cha kuingia Iringa mjini.

Mkazi wa Iringa:
Maji hayapungui, nimeyapima siku nne mfululizo. Nguvu ipo kama kawaida. Mluzi haupo. Moshi ni wa bluu na unanuka oili iliyoungua.

Fundi wa Dizeli:
Majibu hayo yananifanya niitilie shaka hukumu ya fundi wako, ingawa simlaumu, maana wengi wetu tulifundishwa hivyo: oili kwenye hozi, tupa tabo. Utando mwembamba wa oili kwenye hozi ya kuingizia hewa ni jambo la kawaida, kwa sababu mvuke wa ndani ya injini hurudishwa humo kupitia hozi ya kupumulia. Kinachotisha ni oili iliyotuama.

Ni muhimu uelewe jinsi tabo inavyopata na kupoteza oili. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haikalii beringi za gololi bali huelea juu ya utando wa oili unaoletwa na pampu ya injini kwa msukumo. Oili hiyo ikishafanya kazi hurudi kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) kwa uzito wake tu, bila kusukumwa na kitu chochote, na ndiyo maana paipu ya kurudishia ni pana na inaelekea chini. Sasa, sili zilizo pembeni mwa shafti si za mpira kama mtu anavyodhani. Ni ringi nyembamba za chuma, mfano wa ringi za pistoni, na hazina uwezo wa kuzuia oili iliyojaa. Njia ya kurudi ikiziba, oili hupanda, hujaa, kisha hupenya kwenye ekzosi na kwenye hewa, na hali hiyo huwa mbaya zaidi gari likiwa kwenye silensa, kwa sababu wakati huo hakuna mgandamizo wa hewa wa kuizuia. Dalili zako za asubuhi ni hizo hizo.

Kwa hiyo usinunue kitu bado. Mwombe fundi afungue tabo na ekzosi, kisha aangalie mahali pawili. Matundu ya ekzosi kwenye silinda hedi yakiwa makavu na yenye masizi, huku mdomo wa tabo unaotoa moshi ukiwa umelowa, oili inatoka kwenye tabo. Matundu yenyewe yakiwa yamelowa, tatizo ni ringi za pistoni au sili za valvu, na hata ukifunga tabo kumi hutapona. Kisha ashike shafti kwa vidole: kucheza kidogo sana kwenda kando kunakubalika kwa sababu oili ndiyo huijaza nafasi ile, lakini ikisogea kwenda mbele na nyuma hadi uhisi inagonga, au mapanga ya feni yakiwa yamelika ncha kwa kukwaruza nyumba yake, hiyo imekwisha. Baada ya hapo akague paipu ya kurudishia pamoja na hozi ya kupumulia ya injini.

Nakuonya jambo moja. Injini ya dizeli inayovuta oili nyingi inaweza kuanza kuichoma kama mafuta, ikapanda mizunguko yenyewe na ikakataa kuzimika hata ukizima swichi. Likikutokea, na kwa kuwa gari lako ni otomatiki, njia iliyobaki ni kuziba hewa kwa ubao au kitu kigumu kwenye mdomo wa kuvutia hewa, kamwe si kwa kiganja cha mkono. Usilisafirishe gari hilo hadi lifunguliwe.

Mkazi wa Iringa:
Wakuu, tumefungua leo nikiwa nimesimama hapo hapo. Matundu ya hedi ni makavu, mdomo wa tabo umelowa. Shafti haisogei mbele wala nyuma, na mapanga yote ni mazima. Tulipotoa paipu ya kurudishia oili, fundi alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha: kwenye maungio yake hapakuwa na gasketi, palipakwa silikoni nyekundu, nayo ilipokazwa ilibanwa ikaingia ndani na kukauka. Tundu ambalo kidole changu kidogo kingepaswa kupita lilibaki na upenyo wa kalamu ya wino. Hozi ya kupumulia nayo ilikuwa imejaa tope jeusi.

Fundi wa Dizeli:
Basi hiyo tabo haijafa, ilikuwa inazama. Safisha paipu zote mbili kwa dizeli na hewa, ukaangalie pia boliti yenye tundu inayoleta oili, maana oili iliyoungua hugeuka mkaa na kuziba humo. Weka gasketi halisi, bila silikoni hata tone. Badilisha oili na chujio lake.

Kabla ya kufunga paipu ya juu inayoleta oili, mimina oili safi kwenye tundu la tabo huku ukizungusha feni kwa kidole. Kisha chomoa plagi ya umeme ya pampu ya dizeli ili injini izunguke bila kuwaka, na upige stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi taa ya oili izimike. Ndipo uwashe na kuliacha kwenye silensa dakika chache bila kukanyaga. Tabo, hata mpya, inaweza kuharibika mara tu injini inapowashwa ikizungushwa ikiwa kavu. Moshi hautakoma siku hiyo hiyo, kwa sababu ekzosi imelowa oili na lazima iungue kwanza, kwa hiyo usishtuke.

Siku itakapokufa kweli, usikubali mtu abadilishe feni au shafti peke yake mezani; nunua katriji (kiini kizima cha tabo chenye shafti na feni zake) iliyosawazishwa kwa mashine.

Mkazi wa Iringa:
Narudi na mrejesho. Nilishtuka hata hivyo, maana siku ya kwanza gari lilifuka kama tanuri la mkaa na jirani alitoka na ndoo ya maji. Siku ya tatu moshi ulikata. Jumamosi nimepanda Kitonga nikiwa na abiria wanne, kioo cha nyuma cheupe, na nilipofika Ilula nililiacha kwenye silensa dakika mbili kabla ya kuzima. Oili nimepima leo asubuhi na iko pale pale nilipoiacha. Fedha ya tabo ya tatu nimenunulia tairi mbili za mbele.