Tunaofanya kazi za zamu, mchana mnalalaje? Tupeane uzoefu

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni mhudumu wa ndege, mwaka wa sita sasa. Kazi iko Dar, nyumbani ni Ujiji. Niko kwa mama kwa likizo ya wiki mbili, na juzi nililia kama mtoto kwa sababu ya usingizi tu.

Nilikuwa nimetoka kwenye safari tatu za usiku, ya mwisho Guangzhou, China. Kule wametutangulia saa tano. Unafungua pazia la hoteli saa mbili asubuhi, jua limewaka, mwili unakwambia ni saa tisa usiku. Nilipofika hapa nikaoga, nikapanda kitandani saa nne asubuhi. Saa tano mama akagonga. Saa sita akagonga tena, safari hii yuko na shangazi. "Mwanangu, unaumwa? Mtu mzima halali jua likiwa utosini." Shangazi akasogea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina ujauzito. Sikupata tena hata lepe la usingizi.

Mengine nimejifunza. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, kwa hiyo nakunywa maji kabla ya kiu. Miguu ikivimba navaa soksi za kubana na nikifika nainyanyua ukutani. Kahawa naiacha mapema, maana hata saa tano baada ya kunywa, karibu nusu yake bado iko mwilini. Ila kulala mchana katikati ya watu walioamka, hilo limenishinda. Wenzangu wa zamu mnafanyaje?

Gadi wa treni, Tabora

Marahaba binti yangu. Nina miaka 19 relini. Tabora ndipo njia zinapoachana, ya Mwanza na ya Kigoma, na ya Mpanda nayo huchepuka mbele huko Kaliua, kwa hiyo usiku kwetu ni kazi kama mchana. Saa ngumu kuliko zote ni saa kumi alfajiri. Joto la mwili linashuka, unahisi baridi hata ukiwa na koti, na macho yanafunga yenyewe. Dawa yake nimeiona moja: kulala kabla ya zamu, siyo kungoja baada. Jioni nalala kwa muda wa saa moja unusu, naamka, nanawa, natoka.

Zamani nilikuwa nameza vidonge vya mafua vile vinavyoleta usingizi. Nililala kweli, lakini naamka kichwa kizito kama gunia la mpunga, na siku moja nilijikuta nasoma karatasi ya safari mara tatu bila kuelewa namba ya behewa. Nilipomweleza daktari alinifokea, na alikuwa na haki. Nikaacha siku hiyohiyo.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Nikirudi asubuhi anafunga kanga nyekundu kwenye kitasa cha mlango wa mbele. Mwanzo aliwaeleza majirani mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Sasa mtaa mzima wa Isevya hapa jirani wanaijua: kanga ikiwepo watoto wanahamishia mpira chini ya mwembe wa pili, na mwenye kudai hela ya maji anarudi jioni. Saa nane mchana anaifungua mwenyewe. Mwanangu, usingizi wa mchana hauwezi kuulinda peke yako.

Rubani, mzaliwa wa Nzega

Dada, kama unalala nje usiku mmoja au miwili tu, usihangaike kuhamia saa za Guangzhou. Mwili huhama takriban saa moja kwa siku, utaanza kuzoea ndipo mnarudi. Baki na saa za nyumbani kadiri unavyoweza. Na ukiwa na mafua usipande ndege, masikio yatakuumiza vibaya mnaposhuka.

Muuguzi, Kasulu

Naongeza la afya. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo yenye uwezekano wa kusababisha saratani, na 2019 likarudia hivyohivyo. Siyo kwamba kila anayekesha ataugua. Ila pima presha na sukari kila mwaka, usingoje dalili. Na tunaokaa nje usiku huku kwetu, chandarua cha kitandani hakitusaidii saa hizo: vaeni mikono mirefu.

Mvuvi, Kibirizi

Dada yangu, sisi tunakesha na taa tukivua dagaa. Asubuhi tukishawamwaga mchangani, tunalala. Kibirizi nani atakuuliza kama unaumwa? Ukipita mchana na redio kubwa, kila mama atakusemesha. Kazi hii wanaijua tangu enzi za babu zao.

Shida yetu ni mwezi. Ukikomaa tunapumzika, maana dagaa hawaifuati taa maji yote yakiwa meupe. Basi siku mbili za kwanza nakodoa macho usiku kucha kama wewe na China yako. Nikalazimisha kukaa nje juani asubuhi, siku ya tatu nalala.

Mwanzisha mada

Asanteni sana. Kaka wa Kibirizi, maneno yako nimemsomea mama kama yalivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe kazi yako ni kama ya babu yako." Babu alikuwa mvuvi! Miaka sita namweleza habari za ndege na saa za watu, hakuwahi kunielewa hivyo.

Leo alfajiri sikulala kabisa. Saa tatu asubuhi akafunga kanga mlangoni, akawahamishia kuku uani, akamwambia shangazi nitaamka mwenyewe. Nimeamka saa tisa alasiri. Mezani kuna ugali na mgebuka, umefunikwa kwa kawa.

Kesho nataka kuanza kukaa juani asubuhi. Hapa jua linachomoza kama dakika 40 baada ya Dar, saa ni ileile. Kaka mvuvi, wewe unakaa nje muda gani?