Mjadala: Kura za kupanga namba Portland, zimevuruga jiji au zinasingiziwa?

MTOA MADA

Wadau, naongelea Portland ya Oregon, si ile ya Maine. Nasema mapema kwa sababu huko nako meya anachaguliwa kwa kupanga namba, yaani unawapa wagombea 1, 2, 3 badala ya kuchagua mmoja tu, na Wakongo wenzetu huko ni wengi, mjadala usije ukaenda njia mbili.

Kwa asiyejua ilikotoka: kuanzia 1913 jiji hili liliongozwa na watu watano, meya na makamishna wanne, wote wakichaguliwa na jiji zima. Kila kamishna alipewa idara zake za kuendesha, huyu maji, yule zimamoto, mwingine barabara. Yaani mtu yuleyule anapitisha bajeti na ndiye bosi wa idara inayoitafuna. Portland lilikuwa jiji kubwa la mwisho Marekani kung'ang'ania mtindo huo. Novemba 2022 wapiga kura waliufuta, kama asilimia 58 wakikubali katiba ya jiji ibadilishwe.

Tarehe 5 Novemba 2024 ndipo utaratibu mpya ulipotumika mara ya kwanza. Jiji limegawanywa wilaya nne, kila wilaya inatoa madiwani watatu, jumla 12. Meya bado anachaguliwa na jiji zima, ila si mjumbe tena wa baraza: anapiga kura kuvunja sare tu, na hana kura ya turufu ya kuzuia uamuzi wa baraza. Idara zimehamia kwa mkurugenzi wa jiji. Mchujo wa Mei, ambao wengi walikuwa hawaendi, umeondolewa. Na wewe mpiga kura unapanga wagombea hadi sita, kuanzia unayempenda zaidi.

Tangu hapo kila baraza likikwama utasikia, "Si mliambiwa namba zitatuharibia jiji!" Mimi nasema namba zinasingiziwa. Kilichogeuza mambo ni robo. Kwenye wilaya ya madiwani watatu, ukipata robo ya kura na kura moja juu yake, umeingia, hata robo tatu nzima wasipokutaka. Anayetaka kugomba agombe na hiyo robo, maana ndiyo aliyoipigia kura 2022. Karibuni.

DADA WA BEAVERTON

Kaka, hiyo robo unaitaja kama sifa, mimi naiona ndiyo ugonjwa. Zamani kamishna alilazimika kupata nusu ya jiji. Alikuwa na deni kwa watu wa Mashariki, wa Magharibi, mwenye duka na mpangaji. Sasa diwani anajua watu wake ni robo ya wilaya, na wilaya yenyewe ni robo ya jiji. Akiwafurahisha hao, wengine wapige kelele mpaka wachoke.

Matokeo tumeyaona. Kikao cha kwanza kabisa, Januari 2025, kumchagua rais wa baraza: sita kwa Candace Avalos, sita kwa Olivia Clark. Wakarudia. Sita kwa sita. Wakarudia tena na tena, mpaka raundi ya tisa ndipo akapatikana mtu wa tatu, Elana Pirtle-Guiney. Hapo bado hawajagusa bajeti! Na kila mmoja analipwa zaidi ya dola 130,000 kwa mwaka.

MPENDA HESABU

Dada, kwanza wewe wa Beaverton, mji jirani, hupigi kura huku, lakini karibu. Pili, sita kwa sita imeletwa na 12. Namba shufwa hiyo, ukiigawa pande mbili sare lazima ikuvizie. Hata wangechaguliwa kwa kunyoosha mikono uwanjani, 12 ingebaki 12.

Nieleze kidogo namna zinavyohesabiwa, maana wengi wanalaumu kitu wasichokijua. Tuseme wilaya ina kura halali 60,000. Viti ni vitatu, kwa hiyo unagawa kwa nne, unapata 15,000, unaongeza moja: 15,001. Ndicho kiwango. Kwa nini si theluthi? Kwa sababu watu watatu wakifika 15,001, zilizobaki ni 14,997, wa nne hawezi kuwafikia.

Sasa mgombea akipata 18,000, ana ziada ya 2,999. Hiyo ziada haimwagwi. Kura zake zote 18,000 zinakwenda kwa chaguo la pili la kila mtu, lakini kila karatasi inabeba sehemu ndogo tu ya uzito wake, hapa kama moja ya sita. Ziada zikiisha na viti bado vipo, anayeshika mkia anatolewa, kura zake zinahamia kwa anayefuata kwenye kila karatasi. Mnarudia hivyo mpaka viti vijae. Mpiga kura hahitaji kujua hesabu hii, kama ambavyo hahitaji kujua injini ili apande basi. Ila anayetaka kuulaumu mfumo aijue.

DADA WA BEAVERTON

Umeeleza vizuri, na ndipo naposhika. Kura yangu inagawanyika vipande, kipande huku kipande kule, halafu mnaniambia nina diwani "wangu". Yupi? Niliyempa namba 1 au aliyepokea moja ya sita?

Halafu hilo la meya mbona hamlisemi? Keith Wilson, mtu wa kampuni ya malori ambaye hakuwahi kushika ofisi ya umma, aliongoza tangu raundi ya kwanza mbele ya Carmen Rubio, Rene Gonzalez na Mingus Mapps, ambao wote walikuwa makamishna. Raundi zote zilizofuata zikathibitisha yuleyule. Sasa namba zilitusaidia nini? Na siku ileile wananchi wa Oregon waliulizwa kama wanataka kupanga namba kwenye kura za jimbo na za kitaifa. Wakakataa, kama asilimia 58. Watu wameonja, wametema.

MTOA MADA

Hapo umeruka dada. Waliotema ni jimbo zima, na wengi wao hawakuwahi kuonja: Portland lenyewe lilikuwa linaonja siku hiyohiyo. Ila la meya nakubaliana nawe, na linanisaidia mimi. Kwenye kiti kimoja namba hubadilisha mshindi mara chache. Zinamfanya mshindi avuke nusu bila kuwaita watu tena. Basi. Ndiyo maana nasema utafute sababu mahali pengine.

Niwape mfano wa watu, si wa hesabu. Loretta Smith, mwanamke Mweusi, aligombea ukamishna wa jiji zima 2018, akashindwa na Jo Ann Hardesty. Akarudi 2020, akashindwa na Dan Ryan. Kwa utaratibu ule alikuwa amekwisha. 2024 Smith ameingia kwa Wilaya ya 1, na Dan Ryan huyohuyo aliyemwangusha ameingia kwa Wilaya ya 2. Wanakaa meza moja. Wilaya ya 3 imemrudisha Steve Novick, kamishna wa zamani aliyeng'olewa 2016, na papo hapo imewapeleka Tiffany Koyama Lane na Angelita Morillo, walio mrengo wa kushoto zaidi yake. Wilaya ya 4 imempeleka Mitch Green, msoshalisti asiyejificha, pamoja na Eric Zimmerman na Olivia Clark wa mrengo wa wastani.

Angalia hizo wilaya mbili uniambie: kama kila moja ingekuwa na kiti kimoja, nani angekaa nje? Lazima nusu ya mtaa ingekosa mtu wa kumpigia simu. Hii ndiyo kazi ya robo. Huwezi kuipata kwa kiti kimoja, hata upange namba mpaka mia.

ANAYEULIZA KUTOKA DAR

Wakuu, mimi nasoma tu nikiwa Mbagala. Kwetu kata moja diwani mmoja, mwenye kura nyingi anachukua, hata akipata asilimia 35. Uwakilishi wa uwiano tunao kwa viti maalumu, lakini majina yale anayapanga chama. Huko kwenu chama kinaingilia wapi?

MPENDA HESABU

Hakiingilii, mkuu. Karatasi ya madiwani haina chama hata kimoja, ni majina matupu. Hiyo ni faida na ni hasara. Faida ni kwamba mpangaji ni wewe. Hasara ni kwamba ukishika karatasi hakuna alama ya kukuongoza, na 2024 wagombea udiwani walikuwa 98.

MKAZI WA MASHARIKI

Asante kwa kunifungulia mlango. Nimewasoma wote, na hamjafika kwetu bado.

Mimi naishi Wilaya ya 1, mashariki kabisa. Eneo hili lililetwa ndani ya jiji sehemu kubwa miaka ya 1980 na 1990, na mpaka leo mitaa mingi haina njia ya miguu. Ukitembea barabara ya Division au ya 122 usiku unatembea na dua. Wahamiaji wengi tuko huku kwa sababu ya kodi ya nyumba. Miaka yote ya makamishna wa jiji zima, waliowahi kuishi upande wetu ni wa kuhesabu kwa vidole. Mabadiliko haya tuliambiwa yanafanywa kwa ajili yetu. Na kweli sasa tuna Avalos, Smith na Jamie Dunphy, watatu kwa mpigo. Sijawahi kuona hilo.

Lakini nani aliwachagua? Mama mmoja jirani yangu aliniomba nimkalie karibu akijaza. Huku kura inakuja nyumbani kwa posta, unajaza mezani kwako, unarudisha kwa posta au kwenye sanduku. Akajaza rais. Akajaza meya. Alipofika kwa madiwani akakuta majina 16 yamepangwa kwenda chini na safu sita kwenda kulia, yaani viduara 96. Akaniuliza, "Hawa wote ni nani, mwanangu?" Nikampa kile kitabu cha maelezo cha wapiga kura. Akakipima mkononi, akacheka, akaiweka karatasi kwenye bahasha ile sehemu ikiwa nyeupe. Na huyo ni 16. Wenzetu wa Wilaya ya 3 na ya 4 walikuwa na kama 30 kila moja.

Hakuwa peke yake. Jiji zima karibu mmoja kati ya watano waliorudisha karatasi hakugusa kabisa sehemu ya madiwani, na wilaya yetu ndiyo iliyofanya vibaya zaidi. Kujitokeza kwenyewe tulikuwa wa mwisho. Kwa hiyo kaka, hiyo robo yako unayoisifu, kwetu ni robo ya wachache waliobaki baada ya wengine kuchoka njiani.

MTOA MADA

Ndugu, hilo sina la kulipangua. Nadhani tatizo ni 98 zaidi ya kupanga. Viti vyote 12 vilikuwa wazi kwa mpigo, hakuna aliyekuwa na kiti chake, mchujo umeondolewa, na jiji linawaongezea wagombea pesa juu ya michango midogo wanayokusanya, basi kila mwenye ndoto alijitokeza. Ungemwambia huyo mama achague mmoja kati ya 16 bado angeuliza hawa ni nani. Wagombea watapungua kukiwa na madiwani wanaotetea viti.

MKAZI WA MASHARIKI

Watapungua, sawa. Lakini kwetu lini? Ili chaguzi zipishane, Wilaya ya 3 na ya 4 zilipewa miaka miwili ya kwanza, zinarudi Novemba 2026. Sisi na Wilaya ya 2 tulipewa minne, tunarudi 2028 pamoja na meya. Walioshindwa kuielewa karatasi ndio wanaosubiri zaidi. Na mimi sitaki mchujo urudi, tusielewane vibaya. Nataka jiji litume watu misikitini, makanisani na kwenye maduka yetu wakiwa na karatasi za mfano, mapema, si wiki mbili kabla. Hiyo ni pesa ndogo.

DADA WA BEAVERTON

Huyo ndugu wa Mashariki ndiye mmoja tu humu anayeongea na watu. Mtoa mada, nijibu moja niende kupika: hiyo 12 utaifanyaje? Au tuzoee raundi tisa?

MTOA MADA

Wilaya tano, watatu kila moja. Unapata 15, sare inakuwa shida kutokea, robo inabaki ilivyo, na Mashariki inaweza kugawanywa ikapata sauti mbili. Lazima katiba ya jiji irudi kwa wapiga kura, najua.

DADA WA BEAVERTON

Mishahara mitatu zaidi ya dola 130,000. Kawaambie hao wapiga kura hivyo, halafu uone watakupa namba ngapi.