Tupeane uzoefu: nini kilikutoa kwenu, na kwenu kumebaki vipi?

Mtoto wa Wete: Assalaam aleikum. Mie nilitolewa Pemba na karafuu, mwaka 1987. Bei ilikuwa imeanguka vibaya. Karafuu yetu ilikauka vizuri jamvini, tukaipeleka kituoni, na pesa tuliyorudi nayo haikutosha hata kuwalipa wachumaji. Usiku ule mzee akanambia, "Nenda kwa mjomba wako Kariakoo." Nililala juu ya majora ya vitambaa miezi minane. Tangu 2011 bei imepanda, lakini wa kuipanda mikarafuu kuchuma hayupo. Mingine imekufa imesimama. Wenzangu je?

Mkojani: Sisi wa Kojani, Pemba, tunakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda, hatuhami. Mtu anafuata samaki Tanga, Mafia, hata Kenya, kisha anarudi. Siku hizo kijiji hubaki na wanawake, watoto na wazee wa msikitini. Sasa ami yangu dago lilimnogea, akaoa huko huko pwani ya Kenya. Wanawe wamekua bila kitambulisho mpaka 2023, Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa ni jamii yake. Binamu yangu alinitumia picha ya kitambulisho kabla ya picha ya mwanawe mchanga!

Bi Mwani: Kwetu Paje tumehamiwa. Mama alianza kulima mwani tangu kilimo hicho kilipoingia, 1989. Maji yakitoka anakwenda na vigingi na kamba zake. Leo kushuka pwani lazima apite kichochoro baina ya kuta mbili za hoteli, na mlinzi, kijana wa bara wala hana ubaya, anamuuliza anakwenda wapi. Kaka yangu kauza kiwanja cha babu, kapanga Fuoni, Mjini Magharibi. Ndio hao hao: sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, karibu nusu wamejazana Mjini Magharibi. Pesa ya kiwanja? Alinunua gari ya abiria. Msiniulize iko wapi.

Mama Wawili: Mie niko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa sita. Mwanangu mdogo nilimwacha ananyonya, kwa bibi yake Micheweni, Pemba. Ananiita "mama wa simu". Nyumba nimejenga, ya matofali, bati jekundu. Hajalala mtu ndani.

Mtoto wa Wete: Dada wa Muscat, Idi nakwenda Pemba inshallah. Mwambie bibi aniwekee funguo, nikakufungulie madirisha ipite hewa.